Kitabu cha sauti cha maandishi ya Wapuritani wa New England: nyota nne kati ya tano

Anayetaka kununua huu mkusanyo wa sauti wa maandishi ya Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali waliohamia New England, kaskazini mashariki ya Marekani, karne ya 17, nampa ushauri mmoja kabla ya yote, usianze na faili la kwanza. Wamepanga maandishi kwa miaka, kwa hiyo anayekupokea ni John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, na hotuba yake ya 1630, ile ya mji ulio juu ya mlima ambayo wanasiasa wa Marekani wanaitaja mpaka leo. Ni hotuba kubwa sikatai, ila Winthrop alikuwa mwanasheria na hoja anazipanga kisheria, swali na jibu, pingamizi na jibu, na huo mji wenyewe unatokea mwishoni kabisa wakati msikilizaji mgeni keshachoka. We ruka nenda moja kwa moja kwa Mary Rowlandson.

Huyu mama alikuwa mke wa mchungaji kwenye mji mdogo wa Lancaster, Massachusetts. Februari 1676, katikati ya vita ya Metacom, kiongozi wa wenyeji waliopigana na walowezi (Waingereza walimwita King Philip), mji ukavamiwa, nyumba ikachomwa moto, yeye akachukuliwa mateka pamoja na binti yake Sarah wa miaka 6 ambaye alikuwa na jeraha la risasi, na mtoto akafa siku 9 baadae. Rowlandson alikaa utekani wiki 11, akihamishwa porini kwenye baridi kutoka kambi hadi kambi mpaka akakombolewa kwa pauni 20. Kitabu chake kilitoka 1682, kikasomwa sana pande zote mbili za bahari.

Sasa kuna sehemu moja humo ndani, karibu na mwisho wa safari, sidhani kama nitaisahau. Ana njaa kali, anaingia kwenye kibanda anakuta mwanamke anachemsha kwato za farasi, huyo mwanamke anamkatia kipande, na mtoto mmoja wa Kiingereza aliyetekwa pia anapewa chake. Rowlandson chake kinaisha fasta, mtoto anahangaika kung'ata maana ni kigumu kina mishipa mitupu, yuko pale anakinyonya na mate yanamtoka, basi Rowlandson anamnyang'anya anakila, na anasema kabisa kilikuwa kitamu. Halafu palepale, bila hata kupumua, ananukuu Ayubu sura ya 6, kuhusu vitu ambavyo nafsi ilikataa kuvigusa vikawa ndo chakula. Hapo ndo unawaelewa Wapuritani kuliko maelezo yoyote ya mwalimu. Kwao hakuna tukio lisilo na maana, kila kitu kinachokupata ni Mungu anakusemesha na kazi yako ni kujichunguza mpaka ujue anasema nini, kwa hiyo hata aibu kama hii inabidi iandikwe, isifichwe. Hiyo tabia ya kujikagua nafsi bila huruma ndo imewapa Wamarekani shajara zao, tawasifu zao, na sehemu kubwa ya fasihi iliyokuja baadae.

Msomaji wa sehemu hii ni mwanamke na ndo bora kuliko wote kwenye mkusanyo, hapandishi sauti popote, kwato na Ayubu anavisoma kwa sauti ileile. Na pale mwishoni Rowlandson akiwa keshakombolewa anaposema zamani alikuwa analala usiku mzima ila sasa hapati usingizi, hachezi na hisia zako, anaisoma tu kama ilivyo.

Kiukweli maandishi haya yanakaa vizuri kwenye sauti kuliko nilivyotegemea, na ukifikiria ina sababu. Wale watu walipenda sana kusoma, sheria ya Massachusetts ya 1647 ilitaka kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu wa kusoma na kuandika ili Shetani asipate nafasi ya kuwaficha watu Maandiko, lakini pia walikuwa watu wa kusikiliza, Jumapili mahubiri marefu asubuhi na mengine tena mchana. Mhubiri alitakiwa aongee kwa staili nyepesi, mifano ya shambani na jikoni, asirembe, ili mkulima wa nyuma kabisa aelewe. Ndo maana ukiyasoma kwenye karatasi unaona yanarudiarudia, ukiyasikia yanaingia.

Mfano mzuri ni Michael Wigglesworth na shairi lake la siku ya Kiyama la 1662. Ukilisoma kimya linachosha haraka, beti 224, ila likisomwa kwa sauti unasikia vina vinavyogongana katikati ya mstari na mwishoni, ni utenzi kabisa, na unaelewa kwa nini watu walilikariri. Maudhui yake yanatisha. Watoto wachanga waliokufa wanasimama mbele ya Hakimu wanajitetea kwamba dhambi ni ya Adamu sio yao, na hukumu wanayopewa ni chumba chenye nafuu kuliko vyote, humohumo motoni. Nilisimamisha simu nikarudia ubeti ule, maana hoja ya wale watoto imeandikwa kwa nguvu kuliko jibu wanalopewa, na aliyeiandika alikuwa mchungaji.

Zaburi pia wamezifanya vizuri. Wamechukua chache kutoka kile kitabu cha zaburi kilichochapwa Cambridge ya Massachusetts 1640, kitabu cha kwanza kuchapwa kwenye makoloni ya Kiingereza kule ambacho nakala zake bado zipo, na wameziimba bila ala yoyote kama ilivyokuwa ibadani kwao. Sauti zimekwaruza kidogo, zinapishana, safi sana.

Nilipokwazika ni kwa Jonathan Edwards. Yale mahubiri yake ya 1741 pale Enfield, ya mwenye dhambi aliyeshikiliwa juu ya shimo la moto kama mtu anavyomshika buibui, wamempa msomaji anayepiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Waliomsikia Edwards wanaeleza mtu mtulivu, sauti ya kawaida, na ni utulivu huo uliofanya watu pale Enfield walie kwa nguvu mpaka ikabidi asimame asubiri. Ukipiga kelele kwenye maneno makali hivyo unayapunguzia makali, mtu anaogopa kelele badala ya kuogopa shimo. Sehemu hii ingerekodiwa upya.

Mshairi Anne Bradstreet amesomwa haraka mno, basi tu shairi lenyewe limembeba. Nyumba yake iliungua Julai 1666 na anaandika anavyopita kwenye magofu na jicho linakwenda lenyewe, hapa palikuwa na sanduku, pale kasha, hakuna mgeni atakayekaa tena mezani, halafu anajikemea kwamba yote ni ubatili mali iko mbinguni. Ila lile sanduku keshalitaja! Imani inamvuta juu na nyumba inamvuta chini, na hakudanganya upande wowote. Mshairi mwenzake Edward Taylor yeye hafai kwa sauti hata kidogo, taswira zimebanana, msome kwenye karatasi.

Kingine, maelezo ya utangulizi yanasimulia kana kwamba Wapuritani walikuwa peke yao kwenye ile ardhi. Kwa mfano hawamtaji kabisa James Printer, Mnipmuc (kabila la wenyeji) aliyejifunza uchapaji Cambridge na akafanya kazi kwenye Biblia ya mmisionari John Eliot ya 1663 kwa lugha ya wenyeji, Biblia nzima ya kwanza kuchapwa bara la Amerika. Wakati wa vita alikuwa upande wa Metacom, akahusika kuandika barua za kumkomboa Rowlandson, na baada ya vita alirudi kwenye kiwanda cha uchapaji, na toleo la Cambridge la kitabu cha Rowlandson herufi zake alizipanga yeye. Mtu wa namna hiyo unamwachaje nje? Ingetosha dakika mbili kabla ya sura ya Rowlandson na msikilizaji angesikia kila neno tofauti.

Angalau wamefunga na mshairi Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston utumwani 1761 akiwa mtoto na kitabu chake kikatoka London 1773. Mistari 8 tu, kuhusu kuletwa kwake kutoka Afrika, anaanza kwa unyenyekevu wote kisha anawageukia Wakristo na Biblia yao wenyewe mkononi na kuwakumbusha kwamba weusi nao wanaweza kuingia kwenye msafara wa malaika. Amesomwa vizuri, taratibu.

Nunua kama unapenda historia au unaisomea fasihi ya Marekani, sauti ni safi na mafaili yamekatwa kwa urefu unaovumilika. Toleo lijalo waweke kesi ya 1637 ya Anne Hutchinson, mama aliyeshtakiwa kwa mafundisho yake ya dini, ambapo Winthrop huyohuyo ndo alikuwa anamhoji na yule mama anamrudishia hoja kwa hoja, maswali na majibu yapo yameandikwa tayari, wanahitaji wasomaji wawili wazuri tu.