Mabuti ya Gikomba yamenivusha Dartmoor

Mabuti haya ya ngozi niliyapata Gikomba, soko la mitumba Nairobi, kwa shilingi 2,500, baada ya kuvutana bei nusu saa. Nilipomtembelea dada yangu Uingereza, niliyavaa kupanda kilima cha High Willhays, mita 621, katika nyanda za Dartmoor, ndani ya uwanja wa mazoezi ya jeshi wa Okehampton. Huko unaangalia kwanza ratiba ya kufyatua risasi. Bendera nyekundu ikipepea kilimani, huingii ng'o, na chuma chochote ukikikuta chini usikiguse, huenda ni kombora ambalo halijalipuka. Siku yetu bendera haikuwepo. Ardhi inabonyea kama sponji, matope meusi, maji hadi kifundoni. Vidole vyangu vilibaki vikavu kabisa! Kisigino cha kulia tu kilichubuka. Jumamosi nayapeleka Ngong. Ukienda kununua, kagua mshono wa soli.