Kitalu cha Ngong Road kilichoniokolea okidi yangu

Okidi yangu niliinunua kwenye duka moja la maua kwa shilingi 2,500. Muuzaji alinipa na chupa ya dawa ya fangasi, akaniambia niimwagilie dawa hiyo kila wiki. Nilifuata. Baada ya miezi mitatu majani yalikuwa yamelegea kama sukuma ya juzi.

Jirani akanielekeza kwenye kitalu kimoja kando ya Ngong Road, Nairobi, chini ya neti nyeusi. Mzee mwenye kitalu hata hakuangalia majani. Aliing'oa chunguni, akavuta mzizi mmoja kwa vidole viwili. Ganda lote likavuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba tu. "Mama, hii imekosa hewa. Maji yametuama." Akatafuta mzizi mzima, akaudondoshea maji. Ulikuwa mweupe wa fedha. Papo hapo ukageuka kijani.

Nilipomtolea ile chupa ndipo akaketi kunifundisha, na kwa hilo peke yake ningemlipa. Kuna fangasi za kuozesha, ndiyo, lakini okidi ya porini haizaliwi bila fangasi. Mbegu yake ni vumbi, haina akiba ya chakula kama haragwe. Lazima fangasi iingie ndani yake na kuilisha ndipo iote, jambo ambalo Mfaransa Noël Bernard aliligundua mwaka 1899. Hata mmea ukikomaa, fangasi hiyo hujiviringa ndani ya seli za mizizi kama fundo la uzi, na mmea huyayeyusha mafundo hayo ukala kilichomo. Okidi ya dukani huoteshwa maabara kwenye sukari, kwa hiyo huweza kuishi bila mshirika huyo. Lakini dawa haiondoi maji chunguni. Nilikuwa natibu ugonjwa usiokuwepo.

Alikata mizizi iliyooza, akaipanda okidi upya kwenye magome ya msonobari na vipande vya mkaa. Shilingi 600, M-Pesa anapokea. Nilimwomba pia okidi chui, ile ya maua yenye madoa. Akasema anauza tu alizozizalisha mwenyewe kwa kugawa mmea mmoja kuwa kadhaa, zinazobanduliwa mitini porini hazigusi. Nilimheshimu zaidi.

Kasoro: saa kumi jioni ameshafunga, na mvua ikinyesha pale ni matope matupu, vaa gambuti.

Sasa yangu ina mizizi mipya miwili, ncha zake kijani. Ukienda, beba mmea na chungu chake. Picha ya simu haimwonyeshi mizizi.