Deki ya DVD "inayocheza MP4": nilivyoijaribu hapa Amu

Bado kuna watu wanaonunua deki? Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, wapo, na sababu kubwa ni harusi. Video za shughuli za wanawake hazipandishwi YouTube. Huchomwa kwenye diski, zikagawiwa jamaa, kisha zikafungiwa kabatini. Shangazi yangu wa Langoni ana rundo zima, na deki yake ya zamani imeliwa na chumvi ya bahari. Nikamnunulia nyingine ya bei nafuu, jina la kampuni naliacha. Sandukuni imeandikwa DVD, VCD, MP3, JPEG, DivX, na kwa herufi nyekundu, MP4. Kabla ya kumpelekea nikaijaribu kwangu.

Kwa diski sina neno. VCD zote zimecheza, hata zenye mikwaruzo. Picha ina ukungu kwenye TV kubwa, ila hilo si kosa la deki: VCD ni MPEG-1, ubanaji wa video wa zamani, ya pikseli 352 kwa 288, na hakuna mashine itakayorudisha sura ambayo diski haikuihifadhi. DVD-R na DVD+R za kuchomwa ziko sawa, isipokuwa moja ambayo mpiga picha hakuifunga alipomaliza kuandika. Hiyo imerudishwa kwake. Filamu alizotuletea binamu kutoka Uingereza ni za kanda ya 2 (DVD za filamu hufungwa kwa maeneo ya dunia), nasi Kenya tuko kanda ya 5, lakini deki imezipokea bila kuuliza pasipoti.

Matata yalianza kwenye flashi. Ile ya GB 64, iliyotoka dukani na exFAT (mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye flashi), haikuonekana kabisa. Ya GB 16 yenye FAT32, mpangilio wa zamani zaidi, ikafunguka mara moja. FAT32 haibebi faili inayofika GB 4, kwa hivyo harusi ndefu ya faili moja itabidi ikatwe vipande.

Ndani nilitia kipande kilekile cha video katika miundo mbalimbali, ili likitokea la kutokea nijue ni muundo, si picha. AVI ya Xvid yenye sauti ya MP3 ilikwenda vizuri, mbele na nyuma. MPEG-2 vilevile. MP4 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu jina lilionekana, nikabonyeza, ikaniambia muundo haukubaliki. MKV hata kwenye orodha haikutokea. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa ameshika rimoti, akasema, "Ami, si tuibadilishe jina tu?" Akaondoa .mkv akaandika .avi. Kweli jina likaonekana, na deki ikaganda mpaka tukachomoa waya ukutani.

AVI, MP4 na MKV ni makasha tu. Ukilipaka kasha rangi nyingine, kilichomo hakibadiliki. Kinachohesabika ni kodeki, yaani namna picha ilivyobanwa ndani. Simu zetu hubana kwa H.264, na siku hizi nyingine kwa H.265. Deki hii imeishia kwenye MPEG-4 ya kizazi cha DivX na Xvid. H.264 ilitoka mwaka 2003, kwa hivyo si teknolojia ya jana!

Nilidhani labda tatizo ni ukubwa wa picha, nikajaribu video ndogo ya WhatsApp, ya MB chache tu. Imekataliwa vilevile, maana nayo ni H.264. Kisha nikatengeneza MP4 yenye kodeki ya Xvid, ikacheza. Basi ile MP4 nyekundu ya sandukuni si uongo mtupu, ila MP4 wanayoisema wao siyo inayotoka mfukoni mwa mtu.

Dawa ipo kwa mwenye kompyuta. Programu ya kubadilisha video iitwayo HandBrake haitoi AVI tena, nikatumia nyingine, FFmpeg, inayoendeshwa kwa kuandika amri: video iwe mpeg4, upana usizidi pikseli 720 na urefu usizidi 576, sauti MP3, kasha AVI. Jambo dogo lililonitoa jasho ni alama ya kodeki inayoandikwa ndani ya faili. FFmpeg huitia faili alama ya FMP4, na deki inaikataa ingawa picha ndani ni ileile. Ukiongeza -vtag xvid kwenye amri, inapokea. Video za wima, zile za kushika simu kama mwenge, zinatoka zimebanana katikati ya TV. Hapo sina la kukusaidia.

Manukuu ya SRT yanasomwa faili zikiwa na jina moja, na Kiswahili kinatoka safi. Kaswida yenye maandishi ya Kiarabu ilitoa vijisanduku vitupu. Stima ikikatika, deki haikumbuki ilikuwa wapi, unaanza upya tangu wageni wanaingia.

Kwa diski za shangazi imefaa, na ndiko iliko sasa. Kama wewe unataka ya kuchezea video za simu, usiinunue hii. TV nyingi mpya zenye tundu la USB zinacheza H.264 zenyewe. Na deki yoyote utakayoiona, nenda dukani na flashi ya FAT32 yenye video uliyopiga kwa simu yako, umwombe muuzaji aichomeke kabla hujatoa pesa. Niliponunua mimi alikuwa na TV imewashwa pale pale kaunta.