Uzoefu wangu na kipimo cha mafuta cha kielektroniki kwenye eskaveta na shoveli

Wengi hununua kifaa hiki ili kumnasa mwizi wa dizeli, na mimi nilikinunua kwa sababu hiyohiyo. Kilichorudisha gharama yake, hata hivyo, ni saa ambazo mtambo ulikuwa unanguruma bila kazi. Hilo utaliona tu kikifungwa sawasawa. Kikifungwa ovyo, afadhali ubaki na kijiti chako cha kupimia.

Chenyewe ni ufito wa alumini, bomba ndani ya bomba, unaotumbukizwa kwenye tangi. Kina cha dizeli kikibadilika, hali ya umeme kati ya yale mabomba mawili hubadilika nayo, kisha kisanduku kilichofichwa nyuma ya kiti hutuma vipimo kwa laini ya simu. Ufito hauna kitu kinachocheza, tofauti na boya la kiwandani ambalo hukwama na kukadiria tu.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Tangi limwagwe, lioshwe na lipitishwe hewa kabla ya drili kuligusa, maana mvuke uliobaki unaweza kushika moto. Ncha ya drili ipakwe grisi ili vinyuzi vya chuma ving'ang'anie hapo; vikidondoka ndani, safari yake ni filta, na vikipita filta ni pampu na injekta zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Tundu litobolewe katikati ya tangi, kwa sababu eskaveta haifanyi kazi mahali tambarare: ufito ukiwa pembeni, kila mtambo unapopanda mteremko utaona mafuta "yamepungua" au "yameongezeka". Ufito ukatwe ubaki milimita 20 hivi juu ya sakafu ya tangi, usizame kwenye tope na maji ya chini.

Baada ya hapo ni kupima tangi lenyewe, na hapa ndipo mafundi wengi hufanya kazi ovyo. Fundi wa kwanza niliyemlipa alisoma tangi likiwa tupu, akasoma likiwa limejaa, akakunja waya zake. Tangi la eskaveta si sanduku: lina pembe zilizokatwa, mbavu za ndani, na sehemu ya chini iliyobanwa na fremu. Nusu ya kimo si nusu ya mafuta. Njia sahihi ni kumwaga lita 20, kusubiri dakika moja mafuta yatulie, kuandika namba, kisha kuongeza 20 nyingine mpaka juu, mtambo ukiwa umesimama pasipo mwinamo. Tangi la lita 400 linakupa jedwali la mistari 20. Dai jedwali hilo likabidhiwe kwako. Likiwa na mistari miwili tu, fundi arudi na ndoo.

Kengele ya upotevu nayo ina hesabu yake. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini huwa ya moto, na dizeli hutanuka: lita 400 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi, ujazo hupanda kwa karibu lita 5 bila mtu kuongeza tone. Usiku zinapoa, kipimo kinashuka. Ukiweka kengele ilie kwa lita 5 utamshuku mlinzi kila asubuhi. Mimi niliiweka lita 12 swichi ikiwa imezimwa, na makelele ya bure yakaisha.

Kwenye mitambo yenye kompyuta ya injini, usikubali ufito peke yake. Waunganishe pia waya za data za injini, ili upate namba mbili: kilichotoka kwenye tangi na kile ambacho injini inasema imekitumia. Ya pili ni hesabu ya kompyuta kutokana na muda injekta zinapofunguka, kwa hiyo haitalingana kabisa na tangi. Tofauti ndogo isiyobadilika wiki hadi wiki haina neno. Ikikua ghafla, kuna bomba linalovuja, injekta inayotiririsha, au mtu amechomeka mpira kwenye njia ya mafuta yanayorudi tangini. Wizi huo wa mwisho hufanyika injini ikiwaka, kiwango kinashuka taratibu kama cha kazi, na kengele hailii kamwe.

Sasa muungurumo. Eskaveta ya tani 20 ikinguruma tu hula kama lita 3 kwa saa. Saa 3 kwa siku, siku 26, ni lita 234 kwa mwezi kwa mtambo mmoja, na hakuna udongo uliosogea. Muungurumo huo huhesabiwa pia kwenye saa za injini, ambazo ndizo zinazoamua sevisi. Nilichobadilisha ni vitu viwili: kipunguza mwendo cha kiotomatiki, kinachoshusha mzunguko wa injini mtambo usipotumika, kisizimwe na opereta, na mtambo uzimwe ukisubiri tipa zaidi ya dakika 5. Kabla ya kuzima baada ya kazi nzito, tabo (turbo ya injini) ipewe dakika 3 hadi 5 ipoe. Asiyefanya hivyo ataokoa dizeli na kununua tabo.

Mitambo ya zamani isiyo na kompyuta inahitaji waya kutoka kwenye alteneta unaokijulisha kifaa kuwa injini inazunguka. Bila huo, kifaa huhesabu muda ufunguo ulipowashwa tu, na ripoti nzima itakuambia mtambo "ulifanya kazi" siku kutwa.

Kasoro kubwa ya programu ya kifaa hiki ni kwamba ukurasa wa mbele unaonyesha lita kwa saa. Namba hiyo inadanganya. Mtambo unaokula lita 13 kwa saa ukipakia tipa 6 umetumia zaidi ya lita 2 kwa tipa; unaokula 17 ukipakia 9 umetumia chini ya 2. Opereta akijua anapimwa kwa lita kwa saa, ataacha mtambo uungurume zaidi ili wastani wake upendeze, au atabaki kwenye hali ya kubana mafuta hata kwenye udongo mgumu unaotaka nguvu. Nilihesabu tipa kwa daftari na kugawanya mwenyewe. Hapo ndipo meno ya baketi yaliyolika na tipa iliyopangwa mbali vilipoanza kuonekana kwenye lita: tipa ikisogezwa ili bumu (mkono mkuu wa mtambo) izunguke nyuzi 45 badala ya 90, tofauti inasomeka siku hiyohiyo.

Kipimo kikiruka ghafla hadi "tangi limejaa", usimpigie fundi kwanza. Fungua koki ya chini, toa maji. Yakigusa ncha ya ufito husoma hivyo. Na kabla ya kuchomelea baketi au bumu, zima swichi kuu ya betri na uchomoe plagi ya kisanduku. Changu kimoja kiliungua kwa welding, na waranti haikukigusa.