Uzoefu wangu: nilimpeleka mama kuona michoro ya hisia hapa Kisumu

Jumamosi nilienda maonyesho ya dada mmoja mchoraji wa hapa Kisumu, ukumbi mdogo upande wa Milimani, nikaenda na mama juu alikuwa amemaliza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga na hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kiingilio bure. Michoro ishirini na kitu, yote rangi ya akriliki kwa kanvasi, na hakuna hata mmoja una mtu ama nyumba ama twiga, ni rangi tu na vile mkono ulipita.

Mimi hizi kazi za hisia nilikuwa nazijua kwa simu, za wachoraji wa ng'ambo kina Rothko na Kandinsky, na kwa simu hazikuwahi kunishika. Ukisimama karibu ndio unaona. Kuna moja ya kijani amepaka rangi nzito halafu akaikwaruza na chanuo, yale meno yameacha mistari, na ndani ya mistari unaona njano ya chini ilikauka kitambo kabla kijani hakijaja, na kwa kona kuna alama ya kidole gumba wazi kabisa. Alituambia haanzi na penseli, anaanza na rangi ile mkono unataka siku hiyo, na anapenda akriliki juu inakauka haraka, kitu hakijamkaa vizuri anakifunika hapo hapo, rangi ya mafuta ingemweka siku nyingi akingoja. Watu husema ati huku ni kumwaga rangi ovyo. Hata Sane Wadu alipoacha ualimu akashika brashi waliona amewehuka, ndio akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu kwa Kiingereza, na leo ni kati ya wachoraji wakubwa Kenya hii.

Sasa ile ilitusimamisha. Kubwa, karibu yote nyeusi, madoa ya njano yametawanyika, mengine yamevutwa chini kama yanayeyuka. Mimi nilikuwa nimeshaipita, kugeuka naona mama amebaki pale na kikapu chake, kimya, halafu akasema, "Hizi ni taa za omena." Wanaojua ziwa wanajua, omena huvuliwa usiku wa giza, taa zinaelea juu ya maji samaki wanafuata mwanga, na wewe ukiwa ufuoni unaona tu nukta kule mbali na mwanga wake ukitetemeka majini. Baba alikuwa anaenda hivyo. Mama akaniambia alikuwa anazihesabu kila usiku mpaka zirudi, na mimi miaka yote nimekaa na yeye hiyo ya kuhesabu sikuwahi kuisikia.

Mchoraji akasogea, "Mama, umeona nini hapo?" Mama akamwambia. Yule dada akanyamaza kwanza, halafu akasema hiyo aliipaka wiki waliyomzika nyanya yake, ziwa halikuwa akilini kabisa, alitaka giza tupu lakini mkono ukawa unarudi kwa njano. Mama akamshika mkono, "Pole nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo. Wakakaa hivyo tu. Naamini angechora mashua kamili na wavuvi ndani, mama angesema mashua nzuri akapita.

Kuna vitu havikunifurahisha. Balbu zimeelekezwa vibaya, rangi inang'aa mpaka usimame upande ndio uone, na majina yote yameandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo, mama akawa ananiuliza kila mara. Viti hakuna, na mtu wa umri wake anahitaji kukaa. Pia zile nne za waridi karibu na mlango zimefanana sana, hazina ule uzito wa zingine. Enda mchana, saa tisa hivi, jua la dirishani linasaidia.

Ile nyeusi bei yake sikuiweza. Kulikuwa na ndogo ya kijivu saizi ya daftari ningeibeba lakini ilikuwa tayari na kibandiko chekundu, imeuzwa, kwa hivyo nimemwachia namba yangu akipaka nyingine anipigie.