Bafang BBS02 kwa milima ya Kibosho: mota nzuri, ila anza na betri na breki

Anayezunguka Pasua, Bomambuzi na Majengo hana haja ya BBS02, mota ya umeme ya kufunga kwenye baiskeli ya kawaida; ile ya kwenye gurudumu la nyuma inamtosha, na kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Mambo hubadilika ukitoka Moshi mjini kupandisha Kibosho, Uru au Mweka. Mota ya gurudumu haipati msaada wa gia za baiskeli. Mlima ukikaza na mwendo ukashuka hadi kilomita 8 kwa saa, inaendelea kula umeme huku ikizunguka polepole, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto ndani ya koili.

BBS02 ya volti 48, vati 750, inakaa kwenye krenki na kuvuta mnyororo, kwa hiyo inapanda kwa gia ulizonazo. Ukiwa na sproketi ya meno 44 mbele na 34 nyuma, gurudumu la inchi 26, krenki ikizunguka mara 70 kwa dakika, unapanda kwa kilomita 11 hivi kwa saa na mota inapumua vizuri. Ukiilazimisha kupanda kwa gia nzito, krenki ikizunguka kivivu, ndipo kontrola, yaani kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye mota, inapoungua. Na kwa sababu hiyohiyo usiifunge kwenye Phoenix ya gia moja: umelipia mota ya mlima halafu umeinyima gia. Tafuta baiskeli ya mtumba ya milimani, fremu ya chuma au alumini, yenye gia 7 au 8 nyuma.

Kabla ya kununua, pima upana wa tundu la krenki kwenye fremu: liwe milimita 68 hadi 73, na kipenyo cha ndani kiruhusu mhimili wa milimita 33.5 kupita. Kung'oa vikombe vya zamani vya beringi za krenki ndiko kunakosumbua mafundi wengi. Kwenye baiskeli hizi, kikombe cha kulia hufunguka kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda, cha kushoto kinyume chake. Kama nyaya za gia zinapita chini ya tundu hilo, zihamishe kwanza, la sivyo mota itazibana. Nati ya upande wa kushoto ikazwe kwa spana yake maalumu, kisha ikazwe tena baada ya kilomita 50. Ikilegea, mota inaanza kucheza na kugonga fremu kila unapoondoka.

Betri ndiyo inayoamua kama utaridhika. Mota inaomba hadi ampea 25. Betri ya 13S4P (seli 13 mfululizo, kila hatua ikiwa na seli 4 sambamba) yenye seli zinazotoa ampea 5 kila moja inatoa ampea 20 tu, kwa hiyo tumia waya wa kupangia programu na ushushe kontrola hadi ampea 18. Mlimani utapanda polepole kidogo, lakini betri itadumu. Seli kuukuu za laptop hatuzipendekezi kabisa, hata kama bei inavutia. Zilizeeka zikifanya kazi nyepesi; mlimani volti zinaporomoka na BMS, yaani saketi inayolinda betri, inakata umeme, ingawa tambarare kipimo kilikuwa kinaonyesha nusu.

Mtu, baiskeli na mzigo vikifika kilo 130, kupanda mita 500 ndani ya kilomita 10 kunakula karibu vati-saa 280 usipokanyaga kwa nguvu. Betri ya ampea-saa 13 ina vati-saa 624. Yaani mara mbili tu, na ya pili unafika ukiwa na wasiwasi. Kuijaza kwa chaja ya ampea 2 ni kama saa 7, na yuniti moja ya LUKU haiishi. Pitisha chaja kwenye friji gadi, maana umeme ukirudi baada ya kukatika huja na volti za juu. Betri iliyojaa isome volti 54.6; kama baiskeli itakaa wiki kadhaa bila kutumika, iache kwenye 48 hadi 50.

Breki hazimo kwenye sifa za muuzaji, nazo ndizo zinazotutia hofu zaidi. Mota hii hairudishi umeme kwenye betri wakati wa kushuka. Uzito uleule wa kilo 130 ukishuka mita 500, joto lake lingetosha kuchemsha lita 2 za maji, na sehemu yake kubwa inaishia kwenye breki. Breki za vyuma za Phoenix hazifai. Breki za V, za raba zinazobana rimu, ni kwa tambarare; mlimani weka diski mbele na nyuma, na ufunge vishikio vya breki vinavyokata mota, ambavyo vinakuja na seti.

Mnyororo unakwisha haraka kuliko kwenye baiskeli ya kawaida, hasa wakati wa vumbi. Ukibadilisha gia, acha kukanyaga kidogo kwanza. Kubadilisha mota ikivuta hukata mnyororo, kwa hiyo beba kiungo cha akiba na kifaa cha kuukatia. Masika, ziache nyaya zining'inie kidogo chini ya kila kiungio ili maji yadondoke yasiingie ndani. Agiza pia gia ya nailoni ya akiba pamoja na seti yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo imewekwa iwe ya kwanza kusalimu amri, na kuisubiri peke yake ni kulaza baiskeli.