Atelye ya shaba ya Kamalondo: kama unataka mkono ukomae, wende pale

Watu wananiuliza sana juu ya yale masomo ya kupiga shaba mu Kamalondo, hapa Lubumbashi, basi naandika hapa: iko mzuri kabisa, na uzuri wake ni kwamba mzee wa pale hakupi kazi ingine mpaka ile ya kwanza ikubali. Ukiingia anakupa kaplake kadogo ka shaba, nyundo, vyuma vya kuchorea na mfano mumoja tu, ule msalaba wa shaba wenye bankambo wa Katanga walitumia kama makuta, ni kusema pesa. Unapiga, ukimaliza anaandika tarehe pembeni anatundika ku ukuta, halafu anakupa kaplake kengine, msalaba ni ule ule.

Kuko wenye wanakasirika na kuacha, wanasema walikuja kujifunza kupiga picha ya tembo na ramani ya Kongo. Mimi naona njo kitu unalipia pale. Shaba yenyewe haitaki haraka, ukiipiga sana inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka, lazima uirudishe mu mbabula, lile jiko la makala, mpaka iwe nyekundu, uitie mu maji, na tofauti na chuma cha kisu chenye kinakuwa kigumu mu maji, shaba inatoka laini. Inatoka nyeusi pia, unaisugua na ndimu na chumvi, na vile unasugua unaona wazi pale mstari ulipinda, basi unarudia ukijua nini cha kurudia.

Halafu mzee hashike nyundo yako hata siku moja! Kuko mahali pengine mwalimu anamaliza tembo yako, unarudia nyumbani na plake ya kupendeza lakini ni mkono wake. Huyu anakuambia tu "piga tena mama" anakaa anaangalia. Inanikumbusha ile Hangar, shule ya kuchora ya Pierre Romain-Desfossés, 1946, hapa hapa Lubumbashi, hakutaka wanafunzi waige mtu: Bela alichora na vidole, Mwenze Kibwanga na vimistari, Pili Pili Mulongoy samaki na ndege, wakarudia na kurudia mpaka leo unajua kazi ni ya nani bila kusoma jina. Mzee wa Kamalondo yeye anatoa mfano, hapo wanaachana, lakini misalaba ku ule ukuta haifanani, kila mutu na wake.

Mabaya: moshi wa makala ni mwingi, nafasi ndogo, kelele ya nyundo inaumiza masikio so beba pamba. Ni dola 20 ku mwezi, plake ndogo ziko ndani, ya kubwa unalipa mbali na hawakuambii mapema, uliza mbele ya kuanza.

Jumamosi asubuhi watu ni wachache, mzee anapata muda wa kukaa karibu na wewe. Omba akuonyeshe plake za mwanafunzi mumoja, ya kwanza mpaka ya mwisho, ufuate tarehe, kisha uamue kama unalipa.